Kitakasa mikono kipo, dawa imepulizwa, mbona wazee bado wanaharisha?

SWALI: Nasimamia makazi ya wazee 38 yanayoendeshwa na shirika letu la masista. Tuna wahudumu 9, mpishi na muuguzi mmoja. Mwezi uliopita babu mmoja alianza kutapika na kuharisha Jumatatu usiku. Kufikia Ijumaa wazee 11 walikuwa wanaumwa, pamoja na wahudumu wawili na mpishi. Wengi walipata nafuu baada ya siku mbili au tatu, ila bibi mmoja alilazwa kwa kuishiwa maji mwilini. Kitakasa mikono kilikuwa kila mlango, glavu zilikuwepo, na tuliita watu wakapuliza klorini mabweni yote. Tulikosea wapi? Tena kuna wazee wanne wanaojikuna sana usiku. Je, tufunge geti kwa wageni?

JIBU: Sista, geti tutalirudia mwishoni, maana lina sehemu ndogo sana katika haya. Inawezekana ugonjwa uliingia na mgeni, lakini mgeni hakuutembeza kitanda hadi kitanda usiku wa manane. Waliofanya hivyo ni wanaolisha, wanaoogesha, wanaobadilisha nepi na wanaodeki, tena wakiwa wanajituma. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa nyingine, tazameni kazi yenyewe inavyopita kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine.

Kutapika na kuharisha kunakoanza ghafla, kunakowapata wazee na wahudumu kwa pamoja na kupungua ndani ya siku 1 hadi 3, kwa kawaida ni virusi vya noro. Dalili hutokea saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Aliyeanza kutapika Jumatano basi alivipata Jumatatu usiku au Jumanne, katika zile saa ambazo kila mtu alikuwa anahangaika na yule babu wa kwanza. Chembe chache tu, hata chini ya 100, zinatosha kumwangusha mtu, na anayepona huendelea kuvitoa kwenye kinyesi kwa wiki mbili au zaidi.

Hata hivyo, msiridhike na kukisia. Kuhara maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele, kwa mtu anayelegea ndani ya saa chache, kuchukuliwe kuwa ni kipindupindu mpaka maabara iseme vingine, na afisa afya wa wilaya apigiwe simu siku hiyo hiyo. Kuhara damu nako kunahitaji kipimo. Mara nyingine mkiwa na wagonjwa wawili wa tumbo ndani ya siku moja au mbili, chukueni sampuli za kinyesi mapema kabla watu hawajaanza kupewa antibiotiki, ambazo kwa virusi hazifanyi kitu.

Sasa kile kitakasa cha mlangoni. Alkoholi huua virusi vya mafua na vya Uviko kwa kuyeyusha utando wa mafuta unaovizunguka. Virusi vya noro havina utando huo, kwa hiyo alkoholi huvipunguza kidogo tu, na juu ya mkono wenye uchafu haifanyi hata hicho kidogo. Kinachofanya kazi hapa ni sabuni, kusugua na maji yanayotiririka. Sabuni haiviui, inavibandua, na maji yanavipeleka. Ndiyo maana inatakiwa sekunde 40 hadi 60, mkisugua katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha. Pete zivuliwe, kucha zikatwe.

Kosa linaloonekana karibu kila mahali ni umbali. Koki ikiwa mwisho wa korido, mhudumu mwenye wazee kumi hatakwenda huko mara thelathini asubuhi moja, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Wekeni ndoo ya lita 20 yenye koki ndani ya kila bweni, beseni la kupokea maji chini, sabuni ya kipande ikining'inia kwenye wavu ili isilowe ikayeyuka. Hesabu yake ni rahisi: kunawa mara moja ni kama nusu lita, mara 30 ni lita 15. Ndoo moja inamaliza asubuhi. Ndoo isiyo na koki, ya kuchota kwa kikombe, haifai, kwa kuwa mkono mchafu ndio unaoshika kikombe. Mkono ukaushwe kwa karatasi, au kwa kitambaa ambacho kila mhudumu anacho chake na kinafuliwa kila siku. Taulo moja la ukutani, na kanga iliyofungwa kiunoni, hurudisha kila kitu mkononi.

Angalieni pia kunawa kabla ya kula. Pale ambapo beseni moja la maji hupitishwa mezani na kila mzee anatumbukiza mkono kabla ya ugali, mzee wa kwanza ananawa na wa kumi anajipaka vya wenzake tisa. Mwagieni maji kwa jagi au birika, beseni libaki la kupokelea. Mtungi wa maji ya kunywa nao usichotwe kwa vikombe vya kila mtu. Mimineni kwenye chombo chenye koki.

Glavu tungependa kuzizungumzia kwa ukali kidogo. Mhudumu akivaa glavu asubuhi na kupita nazo vitanda sita, yeye mwenyewe analindika, lakini wazee watano wa mwisho wameguswa na kinyesi cha wa kwanza. Tena glavu humfanya mtu asihisi uchafu, kwa hiyo hanawi. Kanuni ni jozi moja kwa mzee mmoja kwa shughuli moja, kisha zivuliwe kwa kugeuzwa ndani nje, na mikono inawe. Glavu hazifuliwi wala hazipakwi kitakasa. Kama hazitoshi, zihifadhiwe kwa kazi za kinyesi, matapishi, damu na vidonda. Kulisha na kumwinua mzee kunafanywa vizuri kwa mikono safi isiyo na glavu.

Mpangilio wa zamu una nguvu kuliko glavu. Siku za mlipuko, chagueni wahudumu wawili wa kuhudumia wagonjwa tu, na wengine wasiwaguse. Usiku mkiwa na mmoja peke yake, aanze na wazima, amalizie na wagonjwa, asirudi nyuma bila kunawa na kubadili aproni. Wagonjwa wakae chumba kimoja au upande mmoja wa bweni wenye choo chao. Mkishindwa kutenga choo, basi tengeni poti na kopo la mkojo la kila mgonjwa, yaandikwe majina. Msimhamishe mzima aliyekuwa kitanda cha jirani kwenda bweni ambalo halijapata mgonjwa: huenda tayari anavyo tumboni, na mtakuwa mmefungua mlango mpya kwa mikono yenu. Huyo abaki alipo kwa saa 48 mkimtazama.

Kupuliza klorini ndilo jambo lililowagharimu fedha bure. Klorini inaliwa na uchafu: ikidondokea kinyesi, matapishi au hata vumbi nene, nguvu yake inaishia hapo kabla ya kufikia virusi. Matone ya bomba la kupulizia yanaacha sehemu kavu nyingi na hukauka kabla ya dakika kumi zinazohitajika. Mvuke wake unachoma mapafu ya mzee mwenye pumu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba kupuliza hivyo ndani ya majengo kusitumike kama njia ya kawaida dhidi ya Uviko, na sababu zake zinahusu noro vilevile. Kitambaa, ndoo na nguvu za mkono vinatosha: kwanza sabuni na maji, kisha klorini, iachwe imelowesha kwa dakika 10.

Kuchanganya ndiko watu wanakoharibu. Someni asilimia kwenye chupa, gawanyeni kwa asilimia mnayotaka, toeni moja. Jibu ni sehemu ngapi za maji kwa sehemu moja ya dawa. JIK ya asilimia 3.5 mkitaka 0.5, mnapata 6: lita 1 ya JIK na lita 6 za maji. Hiyo ni ya matapishi, kinyesi na choo. Kwa vitasa, reli za vitanda, meza, viti vya magurudumu na swichi za taa, asilimia 0.1 inatosha: mililita 300 za JIK kwenye ndoo, mkijaza maji mpaka lita 10. Chupa ya asilimia 5 itahitaji sehemu 9 za maji kupata ile 0.5. Klorini ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 kwa kila lita 1 kupata 0.5. Tengenezeni ya siku moja tu, ndoo iwe na mfuniko na isikae juani, kwa sababu joto na mwanga huidhoofisha. Yaliyobaki jioni mwageni. Maji yawe baridi. Na isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala kumiminwa kwenye kopo lenye mkojo mwingi, maana hewa yenye sumu inayotoka hapo inaweza kumlaza mhudumu. Mwageni mkojo kwanza, suuzeni, ndipo klorini iingie.

Mzee anapotapika sakafuni, matone hurukia mita kadhaa ingawa hayaonekani. Fungueni madirisha, ondoeni wengine, yule wa kusafisha avae glavu, aproni na barakoa. Funikeni matapishi kwa vitambaa vikuukuu au magazeti, mimineni ile ya 0.5 juu yake kuanzia pembeni kwenda katikati, subirini dakika 10, zoeni mkatie mfukoni na kufunga. Osheni pale kwa sabuni, pakeni klorini tena, eneo la mita mbili kila upande, pamoja na miguu ya vitanda. Lile dekio lisiende jikoni wala bweni lingine. Tafuteni madekio matatu na kuyafunga nyuzi za rangi tofauti, moja la vyoo, moja la mabweni, moja la jikoni na bwalo. Shuka zenye kinyesi zisikung'utwe wala kubebwa kifuani. Zikunjwe uchafu ukiwa ndani, ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko pale pale kitandani, kinyesi kiondolewe chooni, kisha zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni na kuanikwa juani. Nepi chafu ziwe na pipa lake lenye mfuniko, na mahali pa kubadilishia pasiwe meza inayowekewa vikombe vya chai.

Tufike kwa mpishi na wale wahudumu wawili. Mtu aliyetapika au kuharisha asirudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, na kwa mpishi hapo pasiwe na mjadala. Lakini mhudumu anayelipwa kwa siku atakuja akiwa anaumwa na atanyamaza, kwa kuwa siku mbili bila ujira ni unga wa nyumbani. Mlipeni siku hizo. Ni rahisi kuliko wiki ya wagonjwa 11. Hili lilionekana wazi Februari 2020 kwenye nyumba ya kuuguzia wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Kufikia katikati ya Machi, maambukizi 167 ya Uviko yalikuwa yamehusishwa nayo: wakazi 101, wahudumu 50 na wageni 16. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa na wachunguzi ni wahudumu walioendelea na kazi wakiwa na dalili, na wahudumu waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Mwezi huo wa Machi jimbo la British Columbia nchini Kanada liliagiza mhudumu abaki na nyumba moja tu, likasawazisha na mishahara ili asilazimike kukimbia huku na huku. Kama kati ya wahudumu wenu 9 kuna wanaofanya vibarua zahanati au nyumba nyingine, mjue, na mzungumze nao bila vitisho.

Bibi aliyelazwa anatukumbusha kwamba noro humdhuru mzee kwa kumkausha. Mgonjwa apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kwa vijiko au mafunda madogo kila dakika chache hata kama anatapika. Isipokuwepo, lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Wanaotumia vidonge vya kupunguza maji mwilini, baadhi ya dawa za presha au metformini ya kisukari, muuguzi amuulize daktari siku hiyo hiyo kama dawa zisitishwe kwa muda. Asiyekojoa kwa saa nane, aliyechanganyikiwa au asiyeamka vizuri, apelekwe hospitali.

Kinachokosekana kwenye maelezo yako, Sista, ni daftari. Chora safu saba: jina, umri, bweni na kitanda, siku na saa dalili zilipoanza, dalili zenyewe, nani alimhudumia, siku aliyopona. Wahudumu nao waandikwe humo. Ndani ya siku mbili daftari litakuonyesha kama wagonjwa wanafuata bweni, mhudumu, au chakula cha siku fulani. Wakiugua wengi kwa saa zinazokaribiana, chunguzeni jikoni kwanza. Kwa kuhara, hesabuni mlipuko umekwisha zikipita siku 4 tangu mgonjwa wa mwisho apone, na mfanye usafi mkubwa kabla ya kurudisha watu kwenye mabweni yao.

Daftari pia linasaidia kwa sababu mzee haumwi kama kijana. Homa ya nyuzi 39 huenda asiipate kabisa. Kipimo kimoja cha mdomoni kinachozidi 37.8, au kupanda kwa nyuzi 1.1 juu ya hali yake ya kawaida, kinatosha kuwa onyo, kwa hiyo pimeni kila mzee akiwa mzima mjue kawaida yake. Kukataa chakula, kuanguka, kujikojolea kwa ghafla, au maneno yasiyoeleweka tangu asubuhi, hayo mara nyingi ndiyo dalili za kwanza. Anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia achunguzwe nimonia.

Wanaojikuna usiku sasa. Wanne kwa pamoja, tena usiku, fikirieni upele wa kuambukiza (skabi), unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Chunguzeni kwa mwanga mzuri katikati ya vidole, viganja vinapoungana na mikono, kwapani, kiunoni na makalioni. Kwa wasioinuka kitandani, mgongoni. Zaidi ya wanne hao, mtafuteni mzee mwenye ngozi yenye magamba mazito, hasa mikononi, ambaye pengine hajikuni sana. Huyo anaweza kubeba maelfu ya wadudu wakati mgonjwa wa kawaida ana kumi au kumi na watano, na ndiye chanzo kinachosahaulika.

Kuwatibu wanne peke yao ni kazi ya bure. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiwagawia wengine. Wote watibiwe siku moja: wazee 38, wahudumu, muuguzi, mpishi, na wanaolala nyumba moja na wahudumu wenye dalili. Krimu ya pemethrini ya asilimia 5 ipakwe jioni mwili mzima kuanzia shingoni, na kwa wazee kichwani na usoni pia mkiepuka macho na mdomo, ikae saa 8 hadi 14, ioshwe asubuhi. Mtu akinawa mikono usiku, apakwe tena mikononi. Rudieni baada ya siku 7. Ivemektini ya vidonge, mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito, dozi mbili zenye nafasi ya siku 7 hadi 14, huokoa kazi kubwa penye watu wengi, lakini daktari ndiye aandike, na mwenye magamba atahitaji dozi zaidi pamoja na krimu. Asubuhi ya kuoga, nguo na shuka za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto. Blanketi zisizofulika zifungwe kwenye mifuko ya plastiki kwa wiki moja, kwani mdudu nje ya mwili hufa ndani ya siku chache. Waambieni wazee mapema kwamba kuwashwa kutaendelea hata wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, la sivyo watadai dawa haijafanya kazi na kujipaka kila siku mpaka ngozi iungue.

Kikohozi hujakiuliza, lakini mabweni ni yale yale. Madirisha ya pande mbili yanayotazamana yawe wazi mchana kutwa, blanketi ziongezwe badala ya kufunga. Vitanda viachane angalau mita moja, na vipangwe kichwa cha huyu kielekee miguu ya yule. Wawili wakianza mafua na homa ndani ya siku tatu, wavae barakoa wakiweza, wale chumbani kwao, na wahudumu wao wavae barakoa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au mzee anayekonda na kutokwa jasho usiku, makohozi yapelekwe kupimwa kifua kikuu. Wazee wengi waliambukizwa ujanani na ugonjwa huamka mwili unapochoka.

Na kama mna wagonjwa wa kisukari, tazameni kile kifaa cha kuchoma kidole. Mwaka 2010 katika makazi ya wazee huko North Carolina, Marekani, watu 8 walipata homa ya ini B kwa vifaa vya kupimia sukari vilivyotumiwa kwa pamoja, na 6 walifariki. Kalamu ya kuchomea isitumiwe na watu wawili hata ikibadilishwa sindano. Tumieni sindano za kutupa baada ya mara moja, mashine ifutwe kila baada ya mtu mmoja, na wahudumu wapate chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza.

Kuhusu geti: siku za kawaida liwe wazi. Siku za mlipuko, wageni wa bweni lenye wagonjwa waombwe kusubiri mpaka zile siku 4 zipite, isipokuwa kwa mzee aliye mahututi. Huyo ndugu zake waingie, wanawe, wakae naye, watoke bila kuzunguka vitanda vingine. Wazee wazima wapokee wageni wao uani chini ya mti, wawili wawili. Shikamoo inatosha kwa mdomo. Mwenye kikohozi, au aliyeharisha ndani ya siku mbili, arudi wiki ijayo, na hilo liandikwe kwenye ubao getini ili mlinzi asiwe wa kugombana na watu. Chakula kinacholetwa na wageni kiliwe siku hiyo hiyo, kila mzee kwa sahani yake na kijiko chake.